Madoadoa si Madoa

Neno likishikwa na mwovu akalifanyia uovu wake, sisi wenye lugha tufanye nini? Tumnyang'anye, au tumwachie liwe mali yake? Swali hili si la mzaha. Wapo hivi sasa wahariri, walimu na wakubwa wa kamati waliokwisha kulijibu kimyakimya: neno lenyewe litupwe. Neno ninalolikusudia ni madoadoa. Wameliweka katika kapu moja na matusi, na mtu akiliandika, hata akiwa anaeleza mbawa za kanga au ngozi ya chui, humtazama kama aliyetamka lisilotamkika mbele ya watu wazima. Nakusudia kuwapinga, na sina budi kueleza kwanza walikonikuta.

Nilikuwa nimetafsiri shairi fupi la Gerard Manley Hopkins, padri Mwingereza wa shirika la Wajesuti, alilolitunga mwaka 1877 na ambalo halikuchapishwa mpaka 1918, miaka 29 baada ya kufa kwake. Shairi hilo lamsifu Mwenyezi Mungu kwa viumbe vyote vyenye rangi juu ya rangi: mbingu, ng'ombe, samaki, mbawa za ndege, hata mashamba yaliyogawika vipande vipande. Ni fupi kuliko soneti, na ndani ya nafasi hiyo finyu mshairi ameweka maneno mengi tofauti kwa jambo karibu lile lile moja. Hapo ndipo mfasiri atokapo jasho. Nikakaa na maneno yetu nikayapanga: baka na mabakabaka, raka na marakaraka, paku na kipaku, waa, nukta, milia, michirizi, na kidoti kile ambacho akiwa nacho msichana shavuni huhesabiwa kuwa ni uzuri. Sikuona uhaba. Ng'ombe nikampa marakaraka, samaki nikampa vipaku, na pale penye jambo zima, penye sifa inayovikusanya viumbe vyote hivyo pamoja, nikaweka madoadoa, kwani hapana neno jingine la Kiswahili lenye kifua cha kulibeba.

Mchapishaji mmoja aliupokea muswada. Mhariri wake akaurudisha amelifuta neno hilo kila lilipotokea, na juu yake ameandika "rangi mbalimbali". Maelezo yake yalikuwa mafupi: neno lina historia mbaya nchini Kenya, na kitabu kitasomwa na wanafunzi.

Rangi mbalimbali! Duka la rangi za nyumba lina rangi mbalimbali. Bendera ina rangi mbalimbali. Chui, ambaye rangi zake hazizidi mbili tatu, hana rangi mbalimbali hata kidogo. Alicho nacho ni madoadoa. Lakini tuuache ubovu wa badala, tulitazame neno lililofutwa.

Doa ni kitu. Mtu amemwaga chai, mtoto amepangusa mkono wa mchuzi, kalamu imevuja mfukoni: doa lina saa yake lilipoingia na lina wa kulaumiwa. Doa huja baada ya nguo. Ndiyo maana tukasema kutia doa, kuingia doa, sifa isiyo doa wala waa. Hapo hapana ubishi. Ila lugha yetu ina ufundi wake wa kulikariri neno, na neno likisha kukaririwa halibaki lilivyokuwa. Maji ni kitu. Majimaji ni hali ya kitu kingine. Embe la majimaji halikumwagiwa maji na mtu, ndivyo lilivyo. Punje ni ile moja iliyoanguka. Punjepunje ni namna unga au mchanga unavyojihisi mkononi. Vivyo hivyo doa, likisha kukaririwa, huacha kuwa kitu kilichokaa juu ya nguo, likawa namna ya nguo yenyewe.

Asiyesadiki na aende kwa fundi cherehani akakae nusu saa. Atamsikia mteja akisema anataka kitambaa cha madoadoa, kama mwenzake anavyotaka cha mistari au cha maua. Cha. Kisha atamsikia mwengine akilalamika kwamba gauni lake lina doa. Lina. Viunganishi hivi vidogo, ambavyo wasomi wetu huvipita mbio wakikimbilia nadharia, vimebeba hukumu nzima: tuna doa, lakini ni wa madoadoa. Na mwanamke akisema, "Nguo yangu ya madoadoa imeingia doa," hapana Mswahili atakayemuuliza maana yake. Kila mmoja ajua lipi litapelekwa kwa dobi na lipi litabaki.

Sasa tuje kwenye kanga, maana sisi wa visiwani neno hili tumelivaa kabla ya kuliandika. Kanga ni ndege kwanza. Manyoya yake ni meusi ya kijivujivu, na juu yake zimenyunyiziwa nukta nyeupe, kila unyoya na zake, hata mtu akadhani zimehesabiwa. Kifaranga chake hakianguliwi hivyo. Hutoka na michirizi ya hudhurungi, na nukta humjia akikua. Yaani kwa kanga madoadoa ndiyo utu uzima. Nguo tuliyoipa jina lake ilizuka katika miji ya pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni kwamba wanawake walinunua leso za mraba zikiwa bado jora zima, wakazikata sita sita na kuziunga ziwe nguo moja, na walipoanza kuletewa zilizopigwa chapa nzima nzima, zile za mwanzo zilikuwa na nukta nyeupe juu ya weusi, watu wakamwona ndege. Wengine wana hadithi nyingine. Lakini jina ni la ndege huyo, na hata leo ndilo jina la vazi ambalo mwanamke wa pwani huozwa nalo, hujifungua nalo, na hufunikwa nalo.

Naomba niseme jambo la pembeni. Neno leso tumelipata kwa Wareno. Kanga mbili zikiwa bado hazijakatwa tunaziita doti, neno lililotujia na biashara ya Bara Hindi, wala halihusiani na doti ya vijana wa leo waliyoichukua kwa Waingereza. Nukta ni ya Waarabu. Wale ndugu zetu wanaoitafuta lugha iliyo nyeupe pe, isiyo na neno la mtu, wajue kwamba hawataweza hata kuieleza nguo aliyovaa mama yao.

Lugha hii haikubaki pwani. Ilipanda bara na misafara, kisha na skuli, na makanisa, na serikali, mpaka ikawa ndiyo lugha ya mkutano wa hadhara pote Kenya, hata mahali ambapo msemaji na wasikilizaji wana lugha yao nyingine ya nyumbani. Na huko, katika Bonde la Ufa, tangu miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi na ardhi ikawa ndiyo hoja, wanasiasa walianza kuwaita madoadoa wale waliohamia na kununua mashamba: Wakikuyu wengi, na pia Wakisii, Waluo na Waluhya. Ramani ya jimbo ilidaiwa kuwa ya rangi moja, na wao ndio walioichafua. Wito ukawa: ondoeni madoadoa. Nyumba zikachomwa mwaka 1992, zikachomwa tena uchaguzi uliofuata. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ukaenea nchi nzima. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, lilichomwa moto kanisa ambalo watu wamekimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto.

Sisemi kwamba waliousikia wito ule hawakuuelewa. Waliuelewa vizuri mno. Ninalosema ni kwamba wito ule ulikuwa ni ghiliba tangu katika sarufi yake. Umechukua kitenzi cha dobi ukakiunga na neno la mshonaji. Doa huondolewa, nguo ikafuliwa, ikaanikwa, ikabaki nguo. Lakini madoadoa huyaondoi. Ukitaka chui asiwe na madoadoa huna njia ila kumchuna ngozi. Mwenye kusema "ondoeni madoadoa" amesema "mchuneni", ila kwa sauti ya mtu afuaye nguo, na hiyo sauti ya usafi ndiyo iliyomfanya jirani anyanyue panga akidhani anafagia. Lau tungekuwa tumewafundisha watoto wetu tofauti ya maneno haya mawili, sidai kwamba moto usingewaka. Ardhi na kura ndizo zilizouwasha. Lakini uongo ungekuwa na vazi pungufu.

Baadaye dola ilijaribu. Sheria ya mwaka 2008 ikaunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Januari 2022, Eldoret hiyo hiyo, seneta wa Meru wa wakati huo alisimama jukwaani akalirudia neno. Alikamatwa, na aliomba radhi. Aprili mwaka huo Tume ikatoa orodha ya maneno zaidi ya 20 ya kuchungwa wakati wa kampeni, madoadoa likiwamo, pamoja na mende na kwekwe.

Tume naielewa. Ilikuwa na uchaguzi mbele yake na makaburi nyuma yake, na kazi yake ni majukwaa. Nisiyemwelewa ni mhariri aliyeichukua orodha ya majukwaa akaifanya ya vitabu. Kwani mende amefutwa katika vitabu vya elimu ya viumbe? Kwekwe limefutwa katika vitabu vya kilimo? Mkulima ataambiwa apalilie nini? Haya mawili yaliachwa salama kwa sababu kila mtu aona kwamba mende ni mdudu na mtu si mdudu. Uovu umo katika kumwita mtu hivyo. Madoadoa ndilo peke yake lililohukumiwa mpaka katika shairi, kwa sababu wahukumu wenyewe, ndani ya nafsi zao, wanaamini kwamba madoadoa ni uchafu. Hapo ndipo ninapowashika. Anayelifuta neno hili mahali linapomsifu ndege amekubaliana na mwenye kulipigia kelele jukwaani kuhusu maana yake. Wametofautiana adabu tu.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba mwenye kufiwa Kiambaa akilisikia neno hilo moyo humshituka, na mshairi aliyekaa kisiwani penye upepo hana haki ya kumwambia asishituke. Ni kweli, na sitamwambia. Mtu aliyejeruhiwa na neno ana haki ya kulikataa nyumbani kwake maisha yake yote. Lakini mhariri hakuzungumza kama mfiwa. Alizungumza kama karani, akaomba haki ya mfiwa ili ajipunguzie usumbufu. Na mtoto wa Eldoret atakayekua bila kulikuta neno hili popote ila kinywani mwa mchochezi, huyo ndiye tumemwacha peke yake na maana moja. Mimi ningependa alikute kwanza kwa kanga, na kwa chui, na kwa kitambaa cha shangazi yake, ili siku atakapolisikia jukwaani ajue limeibwa.

Nitaambiwa pia kwamba madoadoa ni dalili ya maradhi, kwani surua huja na madoadoa mekundu mwilini na kila mama hutaka yaondoke. Hoja dhaifu. Daktari hafuti madoadoa ya surua, hutibu mgonjwa. Aliye na akili hakasirikii ngozi.

Na kufuta maneno hakuna mwisho. Wachochezi wakinyimwa madoadoa watasema magugu, wakinyimwa magugu watasema wageni, nalo wageni ni neno ambalo sisi tumelipikia wali miaka yote. Pwani tusijitie usafi katika hili. Orodha ile ile ya 2022 ilikuwa na wakuja, na wabara waende kwao, kauli ambazo hazikutoka Bonde la Ufa. Waliovamia Likoni Agosti 1997 na kuwafukuza watu wa bara walizungumza Kiswahili cha kwetu kisicho na kosa la sarufi hata moja. Hata huyu kanga ninayemsifu tumemtungia methali kwamba hazai ugenini, na nimewahi kuisikia ikitumiwa kumwambia mtu aliyezaliwa hapa hapa kwamba hapa si kwao.

Kwa hiyo jambo lenyewe ni kubwa kuliko neno. Ni hii tamaa ya rangi moja. Wanayo watu wa dini zote, ingawa vitabu vyao haviwaungi mkono. Katika Sura ya Al-Baqara, Bani Israil waliamrishwa kuchinja ng'ombe. Ng'ombe yeyote. Wao wakauliza ni wa umri gani, wakauliza ni wa rangi gani, wakauliza tena, na kila walipouliza sharti likazidi, mpaka wakajikuta wanatafuta ng'ombe wa manjano iliyoiva asiye na baka la rangi nyingine mwili mzima. Wafasiri wametueleza miaka mingi kwamba lau wangechinja wa kwanza waliyemkuta ingetosha, walijikalifisha wakakalifishwa. Ng'ombe wa rangi moja hakuwa heshima waliyopewa. Alikuwa matokeo ya ubishi wao. Na wenzetu Wakristo wanacho katika kitabu cha Mwanzo kisa cha Yakobo na mkwewe Labani. Yakobo, baada ya kutumika miaka na miaka, alitaka ujira wake uwe wale wanyama wa madoadoa na marakaraka tu, walio wachache na wasiotakiwa, na Labani akakubali kwa furaha akidhani amempunja mkwe. Kundi la madoadoa likazidi, la Labani likapungua. Hicho ndicho kitabu kinachosomwa Jumapili katika mji ule ule ambao neno limegeuzwa amri ya kuua. Padri au mchungaji aliyekwisha kukihubiri kisa hicho huko, kwa neno hilo hilo, bila kulificha, amefanya kazi kubwa kuliko orodha.

Nimewataja Wakenya sana. Sisi Unguja tulikuwa na chui wetu. Mwaka 1932 mtaalamu R. I. Pocock wa makumbusho ya London alizitazama ngozi zilizopelekwa kutoka hapa akamwandika kuwa namna mbali na chui wa bara: mdogo wa umbo, na madoa yake ni madogo mno na mengi, yamesagika, yamekaribiana. Pengine hapajakuwa na kiumbe mwengine aliyestahili neno madoadoa kama yeye. Watu wakaamini kwamba wapo wachawi wanaomfuga na kumtuma, na pengine wengine walimwogopa kwa sababu za kawaida tu, za mbuzi na kuku. Baada ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kuwasaka wachawi pamoja na chui wao, kwa baraka za wakubwa, na baada yake chui akabaki mnyama wa kuwindwa na yeyote mwenye bunduki. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikuwa wanatafuta nyayo na kinyesi, na wakikusanya hadithi za wazee. Mwaka 2018 kamera ya wapiga filamu ilinasa mnyama aliyedhaniwa kuwa ndiye, na ubishi haujesha. Walioua hawakusema wanaondoa madoadoa. Walisema wanaondoa uchawi. Kisiwa hakikuwa safi zaidi kwa hilo. Wachawi, kwa wanaowaamini, bado wapo, na nguruwe mwitu mashambani wamepungukiwa na adui.

Kwa watunga kamusi nina ombi moja, nalo ni la kazi. Wasiliweke madoadoa chini ya doa kana kwamba ni wingi wake wa kutilia mkazo. Wingi wa doa ni madoa, basi. Walipe madoadoa mahali pake, na wasiifiche historia yake, kwani kamusi inayoficha haiaminiki. Waandike hivi: madoadoa, nomino, namna ya ngozi, manyoya au kitambaa kuenea alama ndogo nyingi za rangi nyingine, kama za chui au kanga. Kisha, chini yake: limetumiwa na wanasiasa wa Kenya tangu miaka ya 1990 kuwatukana na kuwafukuza majirani, matumizi ya uchochezi.